Mto wa Leso

Mnaniambia nikae nipumzike. Kila mkija hapa kwangu Mwakingali mnanivutia kiti, mnasema, "Mwalimu, kaa, umefanya kazi ya kutosha." Nikae nifanye nini? Miaka yote niliyofundisha watoto wa kanisa sikuwahi kufundisha nikiwa nimekaa, na hata haya ninayowaandikia, kila baada ya mistari michache nainuka kwenda dirishani kuona nani anapita. Mchungaji ameniomba niwaachie nyinyi walimu wapya wa shule ya Jumapili maneno mawili matatu kuhusu kazi. Mtayapata, ila msitarajie mpangilio. Mimi na mpangilio tulikosana zamani.

La kwanza, pigeni magoti. Sisemi ya maombi, hayo mtafundishwa na wengine. Nasema mbele ya watoto. Aliyenifundisha ni Mzee Mwakio, katekista aliyenipokea nilipoanza kazi nikiwa msichana mwenye viatu vya kuazima. Alinikuta nimewasimamia watoto kama askari wa gereza, akanivuta kando akasema, "Saru, unaongea na utosi wao. Shuka." Nikashuka. Ukiwa chini unaona nani kiatu kinambana, nani amelia njiani, nani leo ameamkia maji matupu. Mzee huyo alikuwa na neno jingine, na hilo lilinisumbua zaidi. Alisema nisimuulize mtoto swali kama sina nafasi ya kubeba jibu lake. Hakuniambia nifanye nini siku mtoto atakaponiuliza mimi.

Ngoja kwanza nimfukuze huyu kuku, amepanda juu ya unga.

Haya. Nyinyi wengi wakati wa corona mlikuwa shule, mnakumbuka kufunga shule na kucheza. Mimi nakumbuka miguu yangu. Kanisa lilipofungwa nilizunguka hii nyumba hadi mume wangu akasema nitaimaliza saruji. Jumapili asubuhi nilivaa, nikajipaka mafuta, nikachukua mkoba, nikafika kwenye lango langu mwenyewe na kurudi. Watoto wangu walikuwa wametawanyika Voi nzima, Sofia, Birikani, Kaloleni, na sikujua nani anakula na nani analia.

Makanisa yalipofunguliwa kwa masharti, nikasema Mungu ameniona. Masharti yenyewe yalikuwa kwamba walio chini ya miaka kumi na tatu wasiingie, na waliopita hamsini na minane nao wasiingie. Mlangoni nilimkuta kijana wa ushirika ameshika kile kipima joto cha kama bastola. Kijana huyo nilimfundisha mwenyewe kutofautisha Musa na Nuhu. Akaniambia, "Mwalimu, pole sana, umri wako umepita." Nikamwonyesha mtoto aliyekuwa nyuma yangu, nikamuuliza, "Na huyu?" Akasema, "Huyu wake bado haujafika." Kwa hiyo tulibaki nje pamoja, mimi na darasa langu lote, na wenye umri wa katikati wakaingia kumwimbia Bwana.

Nilikasirika. Sitaki kuwadanganya kwamba niliomba nikatulia.

Wakasema tufundishe kwa WhatsApp. Nikarekodi hadithi ya kondoo aliyepotea, kwa sauti tamu kabisa, na nilipofika pale mchungaji anamkuta kondoo wake, mbuzi wangu akaingia jikoni. Nikapiga kelele, "Toka hapo, mwizi mkubwa wewe, leo nakuchinja!" Sikujua simu bado inarekodi. Ilienda hivyo hivyo kwa wazazi wote. Wiki nzima watoto wa Voi waliamini kwamba hivyo ndivyo mchungaji mwema alivyomwambia kondoo. Na hao ni wale waliosikia. Wengi simu ya nyumbani ilikuwa ya kubonyeza, au baba ameondoka nayo, au bando zimeisha. Nikajua hii kazi hainitaki nikiwa kwenye kiti. Nikaanza kwenda milangoni.

Mbinu za mlangoni ni hizi, na msije mkadhani zimepitwa na wakati, maana milango bado ipo. Usisimame katikati ya mlango, simama upande, ili aliye ndani asione haya akitaka kutoka. Uliza jina la mbwa kabla ya jina la mtoto. Ukiwa na barakoa mdomo wako haupo, kwa hiyo chekea kwa nyusi. Mimi nilifanya mazoezi mbele ya kioo mpaka mume wangu akaniuliza kama jino linaniuma. Nyimbo za kupasua koo ziache, piga makofi. Hadithi moja inatosha mtaa mzima, lakini swali libadilishe kila nyumba.

Na umbali? Watoto hawajui mita. Nilikuwa na pea ya leso ambayo sikuwahi kuikata katikati, ndefu, nyekundu na nyeupe. Niliitandaza chini kwa urefu, mwisho mmoja kizingitini kwao na mwisho wa pili miguuni kwangu, nikawaambia huo ni Mto Voi na umejaa, hakuna kuvuka. Mto wenyewe mnaujua, karibu mwaka mzima ni mchanga mtupu. Lakini watoto waliniamini, na hakuna aliyewahi kuukanyaga. Kuna mmoja kule Birikani alinishauri niangalie mamba.

Milango inasema, vijana. Voi ni mji unaokula kwa mkono wa mbuga, na mbuga ilikuwa tupu. Hoteli za kitalii zilifungwa, na akina baba waliokuwa wakirudi mwisho wa mwezi na shati jeupe mkobani wakarudi mara moja na hawakuondoka tena. Tembo ndio walioendelea na shughuli zao, wanaingia mashambani usiku kama hawajasikia habari za kafyu. Nilizoea kumwona baba amekaa mlangoni, anachokonoa kucha, watoto wanamzunguka kwa mbali.

Kwa Mghoi sikumwona baba kabisa.

Mghoi alikuwa wa darasa la tatu, wanakaa Sofia, mtoto wa maswali, meno ya mbele bado hayajakutana. Mama yake, Wakesho, alikuwa ameanza kuuza kabichi na karoti sokoni. Kila Jumamosi nilipofika nilimkuta Mghoi amekwisha kufagia mahali pa mto. Nikiuliza baba yuko wapi ananijibu, "Amelala."

"Saa hii, jua lote hili?"

"Huwa analala tu, Mwalimu. Ameangalia ukuta."

Siku moja nilifundisha hadithi ya Samweli, yule mtoto aliyeitwa jina lake akaitika. Nikamaliza kwa kusema Samweli alitii na Mungu akambariki. Sauti ikatoka nyuma ya pazia, ya mwanamume, imekauka kwa kukaa bila kutumika. "Mwalimu, usimfundishe mtoto wangu kwamba ukitii unabarikiwa. Mimi nilitii."

Mbwa akainua kichwa. Hapo ndipo Mghoi aliponiangalia ng'ambo ya leso, akaniuliza, "Mwalimu, corona ikiisha, Nyanya atatutaka tena?"

Nilimwambia sijui. Nikaondoka, lakini swali lile niliondoka nalo. Nilipita nyumba zilizobaki kama ninafukuzwa, kisha nikaenda sokoni kwa Wakesho, nikajifanya nachagua kabichi.

Wakesho alinieleza yote bila kunitazama. Mumewe, Mwadime, alikuwa mhudumu wa mezani katika hoteli moja mbugani. Corona ilipoanza, baba yake Mwadime alifariki kwao Bura, kwa ugonjwa wake wa siku zote. Mnakumbuka mazishi ya wakati ule, watu kumi na watano, basi. Mwadime alipata lori, akafika amechelewa, akazuiwa barabarani chini ya boma. Yule aliyesimamia njia akamwambia idadi imetimia. Kutoka pale aliona turubai. Alisikia wanaimba. Akasimama mpaka wimbo ukaisha, akageuka, akarudi Voi.

"Mama yake alikuja kuambiwa kwamba kijana alifika na akaenda zake," Wakesho akasema. "Akampigia simu mara moja tu. Alimwambia, 'Ungeita. Ungeita jina langu mara moja tu, ningetoka mimi kaburini uingie wewe.' Tangu siku hiyo tukipiga hashiki. Na hoteli nayo ikafunga. Mwadime akajilaza."

"Na mtoto?"

"Mghoi likizo zote alikuwa kwa nyanya yake. Anafikiri ni yeye amekosa."

Niliinunua ile kabichi. Hata sikuitaka.

Sasa, niwaambie kitu ambacho hakimo kwenye vitabu vyenu vya mafunzo. Ukihudumia watoto unahudumia ugomvi wa wakubwa, maana mtoto analala katikati yake kama kitandani. Unaweza kumfundisha aya zote za dhahabu, akirudi nyumbani atapata baba ameangalia ukuta. Niliomba simu ya Wakesho nikaandika namba, na jioni nikampigia yule nyanya, Mama Mkamburi, kwa simu yangu ambayo haijui. Akashika.

Nilitarajia matusi. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa kukatiwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakohoa kidogo, akasema, "Wewe ni Mdawida wa huku Taita, Mwalimu, unajua. Mimi sina ugomvi na huyo mtoto. Nina kitu hapa kifuani kwa baba yake. Nikiongea naye nikiwa nacho, kitamwangukia Mghoi. Ndio maana sishiki simu. Mpaka nifanye kutasa, nikitoe. Na kutasa hakufanywi kwa simu."

Kwa wale waliokulia Voi kwa malezi ya televisheni, kutasa ni ule utaratibu wetu wa zamani wa kutoa hasira. Mkubwa anapiga funda la maji, anampulizia yule aliyemkosea, halafu anataja kilichomuuma na kutamka kwamba kimetoka. Wazee waliamini hasira ya mzazi ikikaa ndani inamfanya mtu augue, na mara nyingi anayeugua ni mdogo asiye na hatia. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa mwenye ufunguo wa chumba cha vestri, na alitufanyia hivyo nyuma ya nyumba, kisha tukaingia ndani tukasoma zaburi.

Kwa hiyo nilikuwa na jibu la Mghoi. Nyanya alikuwa anamtaka, tena kwa kiasi cha kuogopa hata kumwambia hujambo. Lakini jibu hilo lilikuwa kule juu Bura, na njia ya kulifikisha ilikuwa kumpulizia mtu maji ya mdomo, mwaka ambao dunia nzima ilikuwa inakimbia mate.

Nilimweleza mchungaji wetu wa wakati huo, kijana mpole. Akavua miwani. "Mwalimu, hizo si mila tulizoacha? Halafu kupulizia watu maji kwa mdomo, wakati huu? Mama mwenyewe ni mzee." Nikamwambia la kwanza sina jibu lake, na la pili nitalifikiria njiani. Hakunikataza, na nampa heshima kwa hilo.

Kumtoa Mwadime kitandani kulikuwa kazi. Nilisimama nje ya dirisha lake, nikampigia makofi kama mtoto wa darasa la chekechea. Nikamwambia mama yake anamsubiri na pikapu ya kabichi inarudi Bura tupu. Nikakanyaga changarawe, kwenda na kurudi. Mwishowe akasema, "Atanifukuza tena." Nikamwambia, "Hujafukuzwa na mama yako hata mara moja. Vaa shati." Alitoka amevaa lile shati jeupe la kazini, limekunjamana, ndevu zimeota ovyo. Mghoi alimshika mkono haraka, kama anaogopa atarudi ndani.

Tulikaa nyuma ya pikapu, upepo unapita, barakoa usoni. Kutoka Mwatate kupanda hewa ikabadilika, ikawa baridi ya nyumbani. Mimi nilikuwa bado nafikiria lile la pili na sijapata kitu. Mtoto huyu nilikuwa nimempandisha mlima kwa tumaini, na kama mambo yangeharibika angerudi Voi na kitu kizito kuliko alichoondoka nacho.

Mama Mkamburi alikuwa amesimama uani, mwembamba, amejifunga kitambaa cha maombolezo, na barakoa aliyopewa na mhudumu wa afya wa kijiji. Alikuwa ameagizwa asiivue mbele ya watu wa mjini, naye ni mtu wa kushika agizo. Niliitandaza leso yangu kati yao. Mghoi akamwambia, "Nyanya, huu ni mto, umejaa." Yule mama akautazama mto, akamtazama mwanawe ng'ambo.

"Yule wa barabarani aliniambia idadi imetimia," Mwadime akasema.

"Na mimi ni idadi?"

Mama akaingia ndani, akatoka na kikombe cha maji. Akainua barakoa kwa kidole, akapiga funda. Barakoa ikajirudi yenyewe mahali pake. Akajiweka sawa, akajaza mashavu, akapuliza kwa nguvu zote.

Maji yote yaliishia ndani ya barakoa. Yakamrudia puani, yakamshuka shingoni, akapaliwa, gauni likaloa mpaka kiunoni. Sisi wakubwa tuliganda, maana kutasa si jambo la kuchekwa. Mghoi ndiye aliyeangua kicheko, kile cha kukosa pumzi. Nyanya yake akamwangalia, mabega yakaanza kumtikisika, na nikaona macho yake yakicheka juu ya barakoa. Mwadime alikuwa anacheka na kulia kwa wakati mmoja.

Akaivua barakoa akaitundika kwenye ua. Funda la pili. Hili alilipuliza wazi, na upepo wa mlima ukalichukua lote ukalipeleka kwenye viazi vya jirani.

"Nyanya," Mghoi akasema, "halijatufikia."

Wote wakanigeukia mimi, mwenye leso. Mama mzee yule, watu wawili wa kutoka mjini, na mimi niliyekuwa nimehubiri umbali mtaa hadi mtaa. Nikatembea huku, nikatembea kule. Ndipo likanijia, na lilinijia kutokana na kazi, kwa sababu tukicheza na watoto wenye mafua siku zote nilikuwa nawapanga wapeane migongo.

"Mwadime," nikasema, "mpe mama mgongo. Na wewe Mghoi, hapo kando ya baba. Mama, wewe sogea."

Mwadime akageuka kuelekea barabara. Ile ile ya chini ya boma, inaonekana vizuri kutoka uani. Mama yake akaja, leso ikawa chini ya miguu yake, akasimama nyuma ya shati lile jeupe. Akapiga funda, akapuliza, maji yakatapakaa mgongoni kwa baba na kwa mtoto.

"Nilimzika mume wangu peke yangu," akasema. "Nilikuwa nakutafuta kwa macho. Ulifika, ukanipa mgongo. Hiyo imeniuma. Leo naitoa, iende, isiguse mtoto." Akapumua. Halafu akaita kwa sauti kubwa, sauti ya kuita mtu aliye mbali bondeni. "Mwadime!"

"Naam, mama."

"Sasa geuka."

Mimi nilikwenda kuangalia viazi vya jirani. Kuna mambo ambayo mwalimu hapaswi kuyatolea macho. Nikiwa kule nilimsikia Mghoi akinipigia kelele, "Mwalimu, shati ya baba imeloa yote!"

Niliondoka peke yangu na pikapu, imepakia kabichi, kabla ya kafyu. Wao walibaki, wakasema watafuatana na Wakesho akija kuchukua mboga. Mchungaji aliponiuliza kama nimebariki mila, nilimwambia nilimwona mama akimwita mwanawe jina naye akaitika, na kama ana tatizo na hilo akaisome upya hadithi ya Samweli. Hakuniuliza tena.

Jumamosi iliyofuata nilizunguka Sofia kama kawaida. Milango iliyofungwa huwa inanitia hofu, mpaka leo, nikiona kufuli miguu inaniwasha kutaka kujua. Kwa Mghoi nilikuta kufuli. Jirani akaniambia mama amepanda Bura jana na mabegi, na kwamba Mwadime analima shamba la baba yake. Nilitoa leso yangu mkobani kwa mazoea, nikaitandaza mbele ya mlango ule usio na mtu. Mbwa wao akaja, akaunusa mto, akavuka.